Nisimulie picha hii, nitakuambia wewe ni nani: uhakiki wa kipimo cha TAT

Hebu fanya hivi kabla hujaendelea kusoma. Jenga akilini picha ya mvulana mdogo ameketi, na mezani mbele yake kuna fidla. Haipigi. Anaitazama tu, kichwa amekiegemeza mikononi. Sasa simulia: hapa kuna nini? Kabla ya hapo kilitokea nini? Mtoto anawaza nini, anajisikiaje? Na mwisho wake utakuwaje?

Umeshapata hadithi? Vizuri. Labda kwako mtoto huyu amelazimishwa na baba yake kujifunza muziki, na yeye roho yake iko nje kwenye mpira. Labda fidla ameivunja na anasubiri kipigo. Labda anaota siku atakapopiga mbele ya ukumbi uliojaa watu. Sasa ujue kuna wataalamu ambao wangeichukua hadithi yako hiyo ya dakika mbili na kuandika ripoti, na ripoti yenyewe isimhusu mtoto, ikuhusu wewe. Kwamba unapingana na wenye mamlaka. Kwamba umebeba hatia usiyoisema. Kwamba una kiu ya mafanikio. Na karatasi hiyo ingeweza kuingia kwenye faili la hospitali, la mahakama au la ajira.

Hiyo ni kadi namba 1 ya kipimo maarufu kiitwacho Thematic Apperception Test, kwa kifupi TAT. Humu nitakihakiki kama wanavyohakiki kitabu: kinaahidi nini, kinatoa nini, na nani analipa kikishindwa. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kama njia ya kufungua mazungumzo na kama chombo cha utafiti, TAT ina thamani. Kama hakimu wa mtu mmoja aliyeketi mbele yako, hapana.

Kilikotoka

TAT ilizaliwa miaka ya 1930 katika kliniki ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Wazazi wake ni wawili. Henry Murray alikuwa daktari aliyehamia kwenye saikolojia. Christiana Morgan alikuwa msanii na mchambuzi wa nafsi, na baadhi ya picha alizichora kwa mkono wake. Makala ya kwanza ilitoka mwaka 1935, na jina la Morgan ndilo lililotangulia. Seti iliyochapishwa mwaka 1943, ambayo ndiyo inayojulikana hadi leo, ina jina la Murray, la Morgan halimo.

Seti ina kadi 31. Nyingine ni za kila mtu, nyingine za wanaume, wanawake, wavulana au wasichana. Moja ni nyeupe tupu, yaani unaambiwa uwazie picha mwenyewe kisha uisimulie. Kwa utaratibu wa awali mtu mmoja alisimulia kadi 20 kwa siku mbili tofauti. Siku hizi wengi hutumia kama 10 hivi, na kila mpimaji huchagua anazozitaka. Hilo la kila mtu kuchagua zake liweke akilini, tutalirudia.

Wazo lenyewe ni jepesi na lina mvuto. Picha haijieleweshi, haisemi kinachotokea. Basi anayesimulia analazimika kujaza mapengo, na atayajaza kwa kilichomo ndani yake. Mhusika mkuu wa hadithi anakuwa kivuli cha msimuliaji. Murray alitafuta mambo mawili: haja za mhusika, kama vile haja ya kufanikiwa, ya kupendwa au ya kutawala, na mashinikizo yanayomkabili kutoka nje. Nyuma yake kuna Freud na Jung, na imani kwamba mtu hajijui kikamilifu, hivyo ukimuuliza moja kwa moja hutapata jibu lote.

Na hapa tumtendee haki Murray. Katika mwongozo wake alionya kwamba yanayotokana na hadithi hizi yachukuliwe kama dhana za kufanyia kazi, zithibitishwe kwa njia nyingine, yasichukuliwe kama ukweli uliokwisha kuthibitika. Mwanzilishi alikuwa mnyenyekevu. Tatizo limekuja na waliomfuata.

Mizani inayocheza

Tuseme muuza nyanya ana mizani. Unapima fungu lako leo, kilo mbili. Unalirudisha fungu lile lile kesho, kilo tatu na nusu. Utamlipa? Kwenye vipimo vya saikolojia sifa hii huitwa uthabiti: ukipima kitu kile kile mara mbili, upate jibu linalokaribiana. Huandikwa kwa namba kati ya 0 na 1. Kwa uamuzi unaomhusu mtu binafsi, wengi hutaka iwe 0.8 au zaidi.

Mwaka 1972 Doris Entwisle alikusanya ushahidi kuhusu vipimo vya haja ya kufanikiwa vinavyotokana na hadithi za picha. Alipoangalia kama hadithi za picha moja zinakubaliana na za picha nyingine kwa mtu yule yule, namba ilizidi 0.3 au 0.4 kwa nadra sana. Kwa lugha ya sokoni: kadi moja inasema wewe ni mpambanaji, kadi ya pili inasema wewe huna habari. Sasa kumbuka kwamba kila mpimaji anachagua kadi zake. Ukibadilisha kadi, umebadilisha mtu.

Watetezi wana jibu, na si jibu la kubabaisha. Wanasema hadithi si fungu la nyanya. Mtu aliyekwisha kusimulia habari za ushindi kwenye kadi ya kwanza, kiu hiyo imepoa kidogo. Kwenye kadi ya pili atataja kitu kingine. Halafu ukimpima tena baada ya wiki, anadhani unataka hadithi mpya, kwa hiyo anakwepa ile ya zamani. David Winter na Abigail Stewart walilijaribu hili mwaka 1977: waliporudia kupima, baadhi ya watu waliambiwa wasijali kama hadithi zao zitafanana na za mwanzo au la. Uthabiti ukapanda.

Nakubali. Lakini angalia jibu hilo linakupeleka wapi. Kama neno moja tu la maelekezo linaweza kuusogeza mshale kiasi hicho, basi matokeo hayatoki kwa msimuliaji peke yake. Yanatoka pia kwa anayeuliza, anavyouliza, na siku aliyouliza.

Nani anamsoma nani?

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni msomaji wa hadithi. Kuna mifumo kadhaa ya kuhesabu alama kwenye hadithi za TAT, lakini wataalamu wengi wa kliniki hawatumii hata mmoja. Wanasoma, wanatafakari, wanaandika. Nao wanaapa kwamba njia inafanya kazi, kwa sababu wameiona ikifanya kazi kwa miaka mingi.

Mwaka 1967 Loren na Jean Chapman walionyesha jinsi uzoefu wa namna hii unavyoweza kudanganya. Walitumia ndugu wa TAT, kile kipimo cha kuchora mtu. Wanafunzi wa chuo wasio na mafunzo ya kliniki walipewa michoro, kila mmoja umeambatanishwa na maelezo ya matatizo ya aliyeuchora. Kumbe maelezo yale yalibandikwa ovyo, bila uhusiano wowote na michoro. Hata hivyo wanafunzi waliuona uhusiano: macho yaliyotiliwa mkazo, basi mchoraji ni mtu wa kushuku wenzake. Na huo ndio uhusiano ule ule ambao wataalamu wenye uzoefu walisema wameugundua kazini.

Umeona? Macho na kushuku vimeshaoana katika vichwa vyetu kabla hatujaona mchoro wowote. Vivyo hivyo hadithi ya mtoto anayesubiri kipigo huoana haraka na ripoti ya utoto wenye mateso. Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa jana yake huyo bwana aliangalia filamu. Au inaweza kuwa picha yenyewe ndiyo imemsukuma huko. Kadi nyingi za TAT zina kiza na huzuni: mtu amejikunyata kando ya kochi, sakafuni kuna kitu kinachofanana na bastola, mwanamume amesimama amefunika uso kwa mkono, nyuma yake mwanamke amelala kitandani. Wewe hapo ungesimulia harusi?

Hadithi ina wenyewe

Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kutilia shaka. Ukiniambia nikusimulie kitu, mimi sianzi kutoa ya moyoni. Paukwa! Pakawa! Naingia kwenye njia iliyokwisha kulimwa na bibi na babu zangu: sungura atamshinda fisi kwa ujanja, mtoto mkaidi atakiona cha mtema kuni, yatima atafika mbali. Mhakiki wa fasihi simulizi angekuwa wa kwanza kukuambia kwamba mwisho wa aina hiyo ni mali ya jamii. Mpimaji asiyejua hilo ataandika kwamba msimuliaji ana mwelekeo wa kuwaadhibu wakaidi.

Hata vitu vilivyomo kwenye picha vina wenyewe. Kwa mtu ambaye hajawahi kuiona fidla, kadi namba 1 inapima kwanza kama anajua kile ni nini. Wenye TAT waliligundua hili mapema. Mwaka 1949 Charles Thompson alitoa toleo lenye sura za Wamarekani weusi. Mwaka 1953 S. G. Lee alichapisha seti ya picha kwa ajili ya Waafrika huko Afrika Kusini. Juhudi hizo nazipa heshima yake, lakini kubadili rangi ya ngozi au kuweka nyumba ya nyasi nyuma ya mtu hakujibu swali lenyewe: kanuni za kutafsiri hadithi zimetoka wapi, na kwa watu gani?

Mfano mzuri kabisa wa jinsi jamii inavyojipenyeza ndani ya hadithi ya mtu unatoka Marekani kwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Matina Horner, katika Chuo Kikuu cha Michigan, aliwapa wanafunzi sentensi moja badala ya picha, wamalizie hadithi. Wanawake walipewa Anne, ambaye baada ya mitihani ya muhula wa kwanza amejikuta anaongoza darasa lake la udaktari. Wanaume walipewa sentensi hiyo hiyo, ila ni John. Zaidi ya asilimia 65 ya wanawake waliandika hadithi zenye balaa: Anne anatengwa, Anne hapati mchumba, Anne si mwanamke kamili. Kwa wanaume ilikuwa chini ya asilimia 10. Horner akahitimisha kwamba wanawake wamebeba ndani yao hofu ya kufanikiwa. Magazeti yakalipokea jambo hilo kwa mikono miwili.

Lakini umeona tundu lililopo? Hakuna mwanamume aliyepewa Anne. Mwaka 1974 Lynn Monahan, Deanna Kuhn na Phillip Shaver waliziba tundu hilo kwa wanafunzi wa shule: wavulana na wasichana, wote wakagawiwa Anne au John. Ikaonekana wavulana pia walimwandikia Anne mambo mabaya, tena kuwashinda wasichana. Sasa wavulana nao wana hofu gani ya kufaulu kama wanawake? Kilichokuwa kinasomwa kama siri ya nafsi ya mwanamke kilikuwa, kwa sehemu kubwa, habari za jamii ambayo wote wanaifahamu: mwanamke anayeongoza darasa la udaktari, wakati ule, alitarajiwa kulipia.

Mkono unaohesabu

Ningeishia hapa ningekuwa nimekudanganya, maana kuna upande wa TAT ambao umefanya kazi ya kisayansi kwelikweli.

Mwaka 1948 John Atkinson na David McClelland waliwachukua wanajeshi wa majini waliokaa bila kula kwa saa 1, 4 au 16, wakawaomba wasimulie picha. Hawakuwaambia kwamba utafiti unahusu njaa. Ungetarajia wenye njaa wasimulie watu wanaokula, sivyo? Haikuwa hivyo. Njaa ilipozidi, hadithi zilijaa watu waliokosa chakula na watu wanaohangaika kukitafuta; kula kwenyewe hakukuongezeka. Msomaji wa kliniki anayekisia tu pengine asingeliona hilo.

Uzuri wa njia hii ni mpangilio wake. Kwanza unaamsha hali fulani kwa kundi moja na kuliacha kundi la pili bila kuguswa. Kisha unatazama hadithi zimetofautianaje, na tofauti hizo ndizo zinakuwa kanuni za kuhesabu. Hukisii maana ya fidla kutoka kichwani kwako. Kwa utaratibu huo McClelland na wenzake walijenga kipimo cha haja ya kufanikiwa, wakakitolea kitabu mwaka 1953.

Na hapo wakakutana na jambo la ajabu. Ukimuuliza mtu kwa dodoso kama anapenda kufanikiwa, halafu ukapima hadithi zake, majibu hayo mawili yanahusiana kidogo sana. Kwa mkosoaji mwepesi, hiyo ni dalili kwamba kimoja ni kibovu. Mwaka 1989 McClelland, Richard Koestner na Joel Weinberger walitoa hoja tofauti: vinapima vitu viwili. Dodoso linapima ninavyojiona, na linatabiri nitakachochagua mbele za watu. Hadithi zinapima kinachonipa raha nikiwa kazini, na zinatabiri nitakachokifanya mwaka hadi mwaka bila kusukumwa. William Spangler alipokusanya tafiti 105 mwaka 1992, alikuta hadithi za picha zinatabiri mafanikio kuliko dodoso kwa wastani, hasa pale ambapo kazi yenyewe ndiyo inayomvuta mtu.

Ila tupige hesabu. Uhusiano wenyewe kwa wastani ulikuwa kama 0.2 hivi. Ukitaka kujua sehemu ya tofauti kati ya watu inayoelezwa na namba hiyo, unaizidisha kwa yenyewe: 0.2 mara 0.2 ni 0.04, yaani asilimia 4. Kwa mtafiti mwenye watu 500, hiyo ni habari. Kwa wewe mmoja unayesubiri jibu la kazi, asilimia 96 iliyobaki ndiyo maisha yako.

McClelland mwenyewe hakuishia kwenye uangalifu huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1961 alihesabu haja ya kufanikiwa ndani ya hadithi za vitabu vya shule za msingi vya nchi mbalimbali, akadai zinatabiri ukuaji wa uchumi, ukiwemo uzalishaji wa umeme. Wazo tamu: taifa linalowasimulia watoto habari za bidii litatajirika. Waliojaribu baadaye kwa vipindi vingine hawakuuona uhusiano huo. Na kwa nchi zilizokuwa zimetoka kutawaliwa, nadharia hii ilikuwa na harufu ya kuambiwa kwamba umaskini wenu uko kwenye hadithi zenu.

Pale inapouma

Labda unajiuliza, haya yote yananihusu nini? Nenda India. Huko, anayetaka kuwa ofisa wa jeshi hupita kwenye Services Selection Board, usaili wa siku tano. Mojawapo ya hatua ni TAT: picha 11 na slaidi moja tupu. Kila picha inaoneshwa kwa sekunde 30, kisha mtahiniwa ana dakika 4 za kuandika hadithi. Mwanasaikolojia anazisoma akitafuta sifa za uongozi.

Matokeo yake yanaeleweka. Kumeota biashara nzima ya mafunzo ya usaili huo. Kuna vitabu, kuna madarasa, kuna mifano ya hadithi ambazo kijana hodari anaona tatizo, anapanga, anashirikisha wenzake na kulimaliza. Kipimo kilichobuniwa ili mtu asijue anapimwa nini sasa kinafundishwa kama Insha. Aliyefundishwa anaandika shujaa. Kijana wa kijijini asiye na ada ya madarasa hayo, akiiona picha ya huzuni na kuandika huzuni kwa uaminifu, anaingia vitani na silaha pungufu. Waliosanifu usaili huo wameweka hatua nyingine pia, na hilo ni jambo jema. Lakini kinachopimwa kwenye hatua hii kimeshachanganyika na uwezo wa mfuko.

Mwaka 2000 Scott Lilienfeld, James Wood na Howard Garb walivipitia vipimo vikuu vya jamii hii, vikiwemo madoa ya wino ya Rorschach na michoro ya watu. Hukumu yao ilikuwa kali: matumizi mengi hayana ushahidi wa kutosha. Waliacha mlango wazi kwa mifumo michache ya kuhesabu, ikiwemo ya haja ya kufanikiwa. Nami nasimama hapo hapo. Sehemu yenye kanuni ina kitu, kidogo lakini cha kweli. Ile ya kusoma kwa hisia, ambayo ndiyo inayoandika ripoti nyingi, haijatuonyesha kwamba inastahili kuaminiwa juu ya mtoto wa mtu, kazi ya mtu au uhuru wa mtu.

Kwa hiyo siku ukiwekewa picha mbele na kuambiwa usimulie, iwe kliniki au kwenye usaili, una haki ya kuuliza kwa adabu maswali matatu. Hadithi yangu itahesabiwa kwa mfumo gani? Mfumo huo umejaribiwa kwa watu kama mimi, wa lugha na mazingira yangu? Na kuna kipimo gani kingine kitakachosimama kando ya hiki kabla hamjaamua? Mtaalamu mzuri atafurahi kujibu, na pengine ataitumia hadithi yako kama Murray alivyoshauri: mwanzo wa maongezi. Asiyeweza kujibu hata moja, huyo msimulie ukitaka, lakini usikubali aandike hukumu kabla hajakusikiliza wewe mwenyewe.